Utamu Katika Kinywa cha Mwengine



Upepo wa kusi umechoka. Anayekaa Mji Mkongwe analijua hilo bila ya kutazama kalenda: bahari ya Forodhani imetulia, vijana wa makachu wanaruka kutoka ukutani tangu asubuhi, na mawingu yanajikusanya mchana, yanatutisha kidogo, kisha yanakwenda zao. Karibu vuli itaingia. Sokoni Darajani shokishoki zimeshaanza kupangwa mafungu, na embe za mwanzo zinauzwa kwa bei ya kumtisha mwenye mshahara.

Katika nchi za baridi, majira haya ni ya majani kudondoka, na waandishi wa huko wamezoea kuyafananisha na uzee. Hapa kwetu majani hayadondoki. Mwembe wa miaka mingi unazidi kutanua kivuli, na miezi hii ndipo unapobeba. Vuli si masika, ni kweli. Mvua yake ni fupi na mkulima wa Unguja haitegemei kwa mpunga. Lakini anapanda viazi vitamu, muhogo na kunde, na nyumba inakula. Kwa hiyo, nikiwaandikia wiki hii wale ambao umri umewafikia, na wale wanaokaa nao, msitarajie habari za jani kavu.

Kuna bibi mmoja ninayempelekea Sakramenti nyumbani, maana kanisani hafiki tena. Nyumba ni ya kizamani, ndani ya uchochoro usiopitisha baiskeli mbili kwa pamoja, naye anakaa ghorofa ya juu kabisa. Ngazi za nyumba zetu hizi mnazijua: za mbao, nyembamba, zimesimama wima, zilizojengwa na watu ambao hawakufikiri kwamba siku moja wao wenyewe watakuwa na magoti ya miaka themanini. Bibi hashuki. Kinachoshuka ni kikapu chake, kwa kamba, kutoka dirishani. Muuza boflo akipita, pesa inashuka na mkate unapanda. Muuza samaki akipita, bei inapatanwa kwa sauti inayosikika uchochoro mzima, na wapita njia wanatoa maoni yao bila ya kuulizwa. Jirani wa chini, binti wa Kiislamu, ndiye anayehakikisha kwamba kilichowekwa hakitamwagika njiani. Mwezi wa Ramadhani kikapu hicho hupanda na futari ambayo hakuna aliyeiagiza.

Siku moja nilipoingia nilikuta kikapu kimepanda na fungu zima la shokishoki. Bibi ana sukari, na daktari amemwekea mipaka mikali. Nadhani nilikitazama kikapu kwa muda mrefu kuliko inavyopasa.

“Usinitazame hivyo, Padri,” akaniambia. “Si zangu.”

Haukupita muda, watoto wa jirani wakaingia wakitoka skuli. Wakamwamkia, wakakaa mkekani, wakaanza kumenya. Bibi akakaa mbele yao akiwasaili mmoja mmoja: tamu? Chachu? Kokwa linabanduka? Mtoto mmoja alipojibu kwamba yake ni tamu, alikataliwa papo hapo. “Hiyo chachu,” bibi akasema, “nimeiona machoni mwako.” Chumba kizima kikacheka, na bibi ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akafuta macho kwa upande wa kanga.

Mpendwa, ni lini mara ya mwisho ulifurahia kitu ambacho hakikuingia kinywani mwako?

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli yumo mzee ambaye hatumhubiri mara nyingi. Anaitwa Barzilai, mtu wa Rogelimu katika Gileadi. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu na kuvuka Yordani, yeye na watu wake wakiwa na njaa, kiu na uchovu, Barzilai na wenzake walimpelekea huko Mahanaimu vitanda, vyombo, ngano, shayiri, maharage, asali na siagi. Vita vilipokwisha na mfalme akawa njiani kurudi Yerusalemu, mzee akatoka kwake kumsindikiza mpaka mtoni. Daudi akamtaka wavuke pamoja, akatunzwe kwake huko mjini. Ni mwaliko ambao wengi wetu tungeuomba kwa kupiga magoti.

Barzilai akakataa, kwa adabu zote. Alimweleza mfalme kwamba ametimiza miaka 80; kwamba ulimi wake hautambui tena ladha ya anachokula na anachokunywa, na waimbaji, wawe wa kike au wa kiume, masikio hayawapati. Kwa nini basi akamlemee bwana wake? Alichotaka ni kurudi mjini kwake, na siku ikifika afe karibu na kaburi la baba na mama. Kisha akamsogeza mbele kijana aliyeitwa Kimhamu, akaomba huyo ndiye avuke na mfalme, atendewe mema ambayo yeye alikuwa atendewe.

Wapo wanaoisoma habari hii kama ya mtu aliyekata tamaa. Mimi sidhani. Aliyekata tamaa hamkumbuki Kimhamu.

Angalia alivyoanza. Hakumficha mfalme hali yake. Sisi tumelelewa kwa adabu ya kuitikia vizuri: ukiulizwa hujambo unajibu sijambo hata kama mgongo unawaka moto, na ndugu zetu Waislamu hutanguliza Alhamdulillahi kabla ya kutaja maradhi yoyote. Ni adabu ninayoipenda, kwa sababu inamtanguliza Mungu mbele ya maumivu. Lakini baada ya salamu huja mazungumzo, na hapo ndipo wazee wetu wengi wanapokosa mtu. Mzee asiye na wa kumwambia “usiku sikulala” huishia kushukuru kwa mdomo, na mgeni akiondoka anageukia ukuta.

Na ya kusema yapo. Mume ametangulia, au mke. Watoto wako Maskati, Dubai, London, Toronto, na sauti zao zinafika kwa simu zikiwa na haraka. Wenzake wa barazani wamepungua hata karata zimekosa mtu wa nne. Hata vile tulivyodhani vitatuzika sisi vimetangulia kuanguka: Beit el Ajaib, iliyosimama tangu mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya 2020, na mafundi wawili wakapoteza maisha yao. Wapo wazee waliokua chini ya mnara wake ambao walilia, nami sikuwakataza.

Je, umeshampata mtu wa kumwambia ulichopoteza? Na Mungu je, umeshamtajia kwa majina, bila ya kupamba?

Sasa, nisije nikamgeuza Barzilai akawa sheria. Kitabu cha Yoshua kina Kalebu, naye ana miaka 85, na bado anadai apewe nchi ya milima yenye miji yenye ngome na watu wa kupigana nao. Mungu alikuwa radhi na yule, na alikuwa radhi na huyu. Unguja tunawajua akina Kalebu. Bi Kidude aliimba akiwa mkongwe kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuutaja kwa hakika mwaka wake wa kuzaliwa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 watu walikuwa wameshazoea kuamini kwamba yeye hafi. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, wako akina mama watu wazima ambao maji ya bamvua yakitoka wanashuka na kamba na vijiti vyao kwenda kwenye mwani. Kilimo hicho kina zaidi ya miaka thelathini sasa, na baadhi yao wamezeeka nacho. Maji yamekuwa ya moto na mwani unakufa kuliko zamani, lakini ukiwaambia wakapumzike nyumbani watakucheka.

Kwa hiyo, ninyi mlio watoto na wajukuu, nawaomba kitu: msiwapokonye wazee wenu mwiko kabla hawajautoa wenyewe. Nimeona nyumba ambamo mama ameondolewa jikoni, kwa mapenzi kabisa, akakalishwa mbele ya televisheni, na haukupita muda akaanza kusahau siku. Barzilai alikataa karamu kwa kinywa chake mwenyewe. Hakukataliwa.

Furaha ya Barzilai, ya kumwona mwengine akipokea, si ya wenye mali peke yao. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii mwezi wa Aprili 2016: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, baadaye ikapandishwa kufikia 50,000. Fedha hizo hazimtoshi mwenye presha na sukari, na kulisema hilo si utovu wa shukrani. Lakini keti siku moja na waliokwisha kuzipokea, usikilize mipango yao. Huyu anataja madaftari ya mjukuu. Yule anataka kuchangia mchele wa hitima ya dada yake. Bibi aliyelima muhogo maisha yake yote, ambaye mkono wake haukuwahi kushika mshahara, safari hii ndiye anayetoa, na anatoa kwa sauti ya juu kidogo ili asikike. Mwacheni asikike. Wataalamu wanaweza kubishana kama pesa ya mzee inapaswa iishie kwa mzee. Mimi ninachokiona pale ni Kimhamu anavuka mto tena.

Kipo kitu kinachoweza kuuzuia utamu wa namna hii, na si maradhi wala ufukara. Nimekaa na wazee walio na kila kitu, nyumba nzuri, watoto wanaowajali, afya ya kutosha, na hawaonji chochote, kwa sababu kinywa kimejaa jina la mtu mmoja. Ndugu aliyewadhulumu shamba. Rafiki aliyewageuka mwaka fulani. Wanaweza kusahau walichokula asubuhi, lakini tarehe ya ugomvi hawaisahau.

Siku ileile Daudi aliporejea, pale pale Yordani, alikuja pia Shimei, mtu aliyemlaani na kumrushia mawe wakati wa kukimbia. Akaanguka chini mbele ya mfalme akiomba radhi. Wapo waliotaka auawe hapo hapo. Daudi alikataa siku ya kurudi kwake iwe siku ya damu, akamwapia kwamba hatakufa.

Sisi wa visiwa hivi tunajua gharama ya maneno hayo. Wengi wenu mliokwisha kuzeeka mmebeba Mapinduzi ya 1964 mwilini, kila mmoja kwa upande wake, na mnakumbuka miaka ambayo siasa za vyama zilitufanya tususiane maduka, harusi, hata mazishi. Mtu na jirani yake, ukuta mmoja, na jeneza likatoka bila ya kusindikizwa. Tarehe 5 Novemba 2009, ulikuwa msimu kama huu, Rais Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu. Mmoja alikuwa na miaka zaidi ya sitini, mwengine pia. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Siwaambii kwamba majeraha yalifungwa siku hiyo. Yaliyofuata yametuonesha kwamba hayakufungwa. Ninachokumbuka zaidi ni mambo ambayo hayakuandikwa gazetini: watu wazima waliobisha hodi kwenye milango ambayo hawakuwa wameigusa kwa miaka, wakakaribishwa kahawa, wakazungumza habari za mvua.

Na hodi kama hizo hazina budi kurudiwa, maana msamaha wa siku moja hautoshi, na Daudi mwenyewe ndiye shahidi. Fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya pili. Amezeeka, amelala kitandani akikaribia kufa, anamwachia Sulemani wosia. Anawakumbuka wana wa Barzilai: watendewe wema, wale mezani pako. Miaka imepita na ile asali ya Mahanaimu bado iko ulimini mwake. Halafu, kabla hajanyamaza, anamkumbuka na Shimei, na maneno anayoyasema juu yake ni ya kisasi. Alimwapia uhai pale mtoni, na moyoni aliendelea kumshika. Mzee mmoja, pumzi za mwisho, na shukrani na kinyongo vinatoka katika kinywa kimoja.

Sura hii inanihuzunisha, na naipenda kwa sababu haikumfichia mfalme aibu yake. Basi nakuuliza kwa upole, nami najiuliza: ikiwa leo ungeitwa utoe wosia, ni jina gani lingekutoka baada ya yale mazuri kwisha? Huyo ndiye wa kumwombea wiki hii. Huna haja ya kumpenda ghafla. Mtaje tu mbele ya Mungu kila jioni, mpaka jina lipoe.

Na yuko mwengine anayesubiri kusamehewa ambaye huenda humhesabu, yaani wewe mwenyewe. Ukiingia Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873, waongoza wageni watakuonesha nguzo za upande wa magharibi, karibu na birika la ubatizo. Zimesimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere, aliyekuwa akisimamia ujenzi, alisafiri, na mafundi wakaziweka kwa kadiri walivyoona inafaa. Aliporudi akaziacha zilivyo. Steere alifariki mwaka 1882 na akazikwa humo humo, nyuma ya altare. Wageni hucheka wakiambiwa habari hii. Mimi nimesimama pale mara nyingi na mzee aliye na jambo zito moyoni: mtoto aliyemchapa kwa hasira akaondoka asirudi, ndoa aliyoivunja kwa kiburi, mwaka mzima alioupoteza kwenye pombe. Anataka angalau aigeuze nguzo moja kabla hajafa. Ninachoweza kumwonesha ni kwamba Steere hakuibomoa nyumba, na kwamba vizazi vya watoto vimebatizwa pembeni mwa nguzo hizo.

Nikurudishe kwenye mambo ya kila siku, maana utamu tunaouzungumzia unaishi huko. Ikiwa wewe ndiye mzee, wiki hii mtafute Kimhamu wako. Si lazima awe wa damu yako. Maandiko hayatuambii wazi kama Kimhamu alikuwa mwana wa Barzilai, ingawa wengi hudhani hivyo. Inaweza kuwa mtoto wa jirani asiye na wa kumfunza kusuka ukili. Inaweza kuwa kijana wa kwaya anayehitaji kuambiwa kwamba sauti yake inafika nyuma. Mpe kitu ambacho ulikuwa ukikitaka wewe, na ukae karibu umwone anavyokipokea. Na ikiwa kuna anayetaka kukubebea mfuko, mwachie. Najua si rahisi. Kwa baadhi yetu kupokea msaada ni kazi ngumu kuliko kuutoa. Barzilai naye alikubali kubusiwa na kubarikiwa kabla ya kurudi kwake.

Na wewe ambaye magoti yako bado yanapanda ngazi, ukiwekewa shokishoki na bibi asiyeweza kuzila, usijibu kwamba umeshiba. Kula. Kula mbele yake, taratibu, na ukiulizwa kama ni tamu, sema kweli, kwa sababu ataiona machoni.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutamtazama Ana binti Fanueli, yule mjane aliyekuwa haondoki hekaluni. Wenye gari na nafasi, kuna wazee wa Mbweni na Welezo ambao wangependa kuja ibadani na hawana wa kuwachukua. Muoneni katekista baada ya ibada, mpangiane. Na mje na miavuli.